Mgonjwa Ambaye Kila Zamu Humkimbia



Kwa kawaida ukurasa huu ni wa mishahara, likizo na nyumba za wafanyi kazi. Safari hii twaomba ruhusa ya kusema jambo ambalo halijapata kuandikwa katika bango letu hata moja, nalo huwachosha wenzetu wauguzi kuliko mzigo wa kubeba. Ni habari ya mgonjwa ambaye, akiletwa mlangoni, wauguzi hutazamana na mmoja akasema, "Huyu tena!"

Tuanze na tuliloliona kwa macho yetu. Miaka iliyopita mmoja wetu alikuwa kazini katika hospitali fulani, mbali na hapa Ikutha, na jina lake hatutalitaja. Usiku akaletwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mikono imekatwa kwa wembe. Ilikuwa mara yake ya tatu mwezi ule. Hakuwa kichaa, alijua jina lake, siku ya juma, na majina yetu sote. Juma lililotangulia alikuwa amemwambia sista mmoja wa mchana, "Wewe peke yako ndiwe unayenielewa katika hospitali hii," na sista yule akaanza kumletea chai kutoka nyumbani. Sista wa usiku alimwita mwizi na muuaji. Basi wauguzi wakagawanyika makundi mawili, hata salamu zikakatika: hawa wakisema "mwoneeni huruma," hawa wakisema "anatuchezea." Usiku ule kundi la pili ndilo lililokuwa zamu. Akashonwa bila dawa ya ganzi. Dawa ilikuwapo kabatini. Mmoja alisema, "Ili akome." Mwenzetu alikuwa ameshika taa, wala hakusema neno.

Hakukoma. Alirudi baada ya siku tisa.

Twaandika habari hii bila kutaka kumfungulia mtu mashitaka. Waliokuwapo hawakuwa watu wakatili. Walikuwa wawili kwa wagonjwa zaidi ya arobaini, na hakuna aliyewafundisha kamwe kwamba kile walichokuwa wakikitazama ni ugonjwa, kwamba una jina, na kwamba una tiba ambayo muuguzi wa kawaida aweza kuifanya.

Madaktari huuita ugonjwa wa haiba. Haiba ni ile namna ya mtu ya kujiona, ya kuwaona wengine, ya kupenda, ya kukasirika na ya kustahimili. Kila mtu ana yake, na wengine wana haiba ngumu bila kuwa wagonjwa. Kama ukali ungekuwa ugonjwa, nusu ya wasimamizi wa kazi wangekuwa wodini. Huwa ugonjwa pale namna hiyo inapokuwa imekakamaa kwa miaka, ikamharibia mtu kila ushirika anaoingia, ikamwumiza yeye au wenzake, naye asiweze kuigeuza hata akitaka. Ugonjwa huu wenyewe si ule wa kusikia sauti zisizokuwapo, kama wa mwenye wazimu. Hana homa, damu yake ikipimwa haionyeshi kitu. Ndiyo sababu watu husema ana tabia mbaya tu.

Zamani vitabu viligawa maradhi haya mafungu mengi yenye majina yake. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya maradhi iliyoanza kutumika Januari 2022, limeyafuta karibu mafungu yote. Sasa daktari huuliza kwanza: ugonjwa ni mwepesi, wa kadiri, au mkali? Kisha ndipo hueleza sura yake. Sura moja wameiacha na jina lake, nayo ndiyo ya msichana yule: mtu ambaye moyo wake hupanda na kushuka kwa saa moja, aogopaye kuachwa kuliko kufa, anayempenda mtu asubuhi na kumchukia jioni, na anayejiumiza mwili ili maumivu ya ndani yapungue. Asili yake si moja. Wengine huzaliwa na moyo mwepesi kuumia. Na wengi wao, ingawa si wote, walipigwa, walinajisiwa au walitupwa walipokuwa watoto. Ukiunganisha hayo mawili wapata mtu ambaye hakujifunza kamwe kwamba hasira hupita yenyewe.

Hapa yatupasa tuseme neno la tahadhari, maana sisi Waafrika wa nchi hii twajua jina la daktari laweza kufanya nini. Mathari ilianzishwa mwaka 1910 kuwa nyumba ya vichaa ya Nairobi, mahali palipokuwa pakitengwa wagonjwa wa ndui. Tangu mwaka 1938 hata 1950 msimamizi wake alikuwa Bwana J. C. Carothers. Daktari huyu aliandika mwaka 1951 kwamba Mwafrika, katika kufikiri kwake, ni kama Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika kilichapishwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe, na mwaka 1954 akaiandikia Serikali ya kikoloni maelezo ya Mau Mau, kana kwamba kudai ardhi ni dalili ya maradhi. Taifa zima likapewa ugonjwa wa haiba kwa kalamu moja! Kwa hiyo mtu akitwambia kwamba majina haya ni fimbo ya wenye nguvu, hatumwiti mjinga. Lakini twasema hivi: jina likitumiwa kumfukuza mgonjwa ni fimbo, likitumiwa kumpa tiba ni ufunguo. Msichana yule alipigwa kwa jina ambalo halimo katika kitabu chochote cha udaktari. Aliitwa msumbufu.

Wazee wa Ukambani nao walikuwa na njia yao kwa mtu aliyezidi kudhuru wenzake na kukataa kuonywa. Iliitwa king'ole, na mwisho wake ulikuwa mauti kwa mikono ya watu wengi, baada ya jamaa zake wa karibu kukubali. Hatuitamani irudi. Twaitaja kwa sababu moja tu: hata katika jambo zito namna ile, mtu mmoja hakuruhusiwa kukata shauri kwa hasira yake peke yake. Katika wodi zetu za leo muuguzi mmoja, saa nane za usiku, hukata shauri peke yake.

Sasa tiba. Wengi husema, "Ugonjwa wa tabia hauna dawa." Kwa maana ya vidonge, ni kweli nusu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2009 ulisema wazi kwamba hakuna dawa ya kumeza itakayotumiwa kutibu ugonjwa huu wenyewe. Vidonge vyaweza kutibu huzuni au kukosa usingizi kunakoandamana nao. Lakini wodi nyingi humjaza mgonjwa huyu sindano za kulaza. Bwana Tom Main, daktari wa hospitali ya Cassel huko Uingereza, alikaa na wauguzi wake wakasemezana kwa uwazi juu ya wagonjwa kumi na wawili waliowashinda, akaandika waliyoyagundua mwaka 1957. Wauguzi walikiri kwamba dawa ya kulaza ilitolewa si saa mgonjwa alipozidiwa, bali saa muuguzi alipoishiwa. Tena waligundua jambo tulilolieleza hapo juu: kila mgonjwa wa namna hii aliwagawa wauguzi kuwa wapenzi wake na maadui zake, na kila kundi likaamini lenyewe ndilo linaloona sawasawa. Tunaposoma haya twajiona kama katika kioo, nasi tuko Kitui, na miaka zaidi ya sitini imepita.

Tiba yenyewe ni maneno, lakini maneno yenye utaratibu kama ujenzi. Aliyeipa sifa duniani ni Mama Marsha Linehan wa Marekani. Mwaka 1961, akiwa na miaka 17, alifungiwa katika hospitali ya maradhi ya akili mjini Hartford, akakaa huko zaidi ya miaka miwili. Alijikata, alijichoma, na walipomnyang'anya kila kitu chenye makali aligonga kichwa ukutani katika chumba cha kufungiwa. Walimpa vidonge na umeme wa kichwani. Alitoka, akasoma, akawa mwalimu wa chuo kikuu mjini Seattle, na mwaka 1991 akatoa matokeo ya tiba aliyoibuni kwa wanawake wenye kujiumiza: waliopata tiba hiyo walijiumiza mara chache na kulazwa siku chache kuliko waliopata matibabu ya kawaida. Habari za maisha yake mwenyewe alizificha hata mwaka 2011, ndipo akarudi hospitali ile ile ya Hartford akazisema mbele ya watu.

Siri ya tiba yake ni kushika mambo mawili yanayovutana bila kuachia moja. La kwanza: "Maumivu yako ni ya kweli, nami naona kwa nini umefika hapa." La pili: "Na hapana budi ugeuke." Ukimwambia la kwanza pekee, anabaki alipo. Ukimwambia la pili pekee, anasikia lile lile aliloambiwa na waliompiga utotoni, naye anajikata usiku huo. Kisha hufundishwa ufundi, kama fundi cherehani afundishwavyo: namna ya kuvuka saa mbaya bila wembe, kwa maji baridi usoni, kwa kutembea kwa nguvu, kwa kumpigia mtu simu kabla na si baada, namna ya kuomba bila kutisha, namna ya kukataa bila kuvunja urafiki. Na jambo ambalo sisi wa chama twalipenda kuliko yote: katika tiba hiyo waganga wenyewe wana mkutano wao kila juma, wa kusaidiana. Mkutano huo si hisani, ni sehemu ya tiba. Asiyehudhuria hahesabiwi kuwa anatibu.

Msomaji atasema, hayo ni ya maprofesa wa Seattle. Na asome haya. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa London, Anthony Bateman na Peter Fonagy, walitoa habari ya wagonjwa 38 wa aina hii. Nusu walipata matibabu ya kawaida. Nusu nyingine walihudhuria kitengo cha mchana kwa muda usiozidi mwaka mmoja na nusu, wakifundishwa jambo moja kubwa: kutulia na kujiuliza nini kimo ndani ya moyo wangu, na nini huenda kimo ndani ya moyo wa mwenzangu, kabla ya kutenda. Waliojaribu kujiua walipungua, waliojiumiza walipungua. Walipohesabiwa tena baada ya miaka minane tangu mwanzo, katika wale wa matibabu ya kawaida karibu watatu kwa kila wanne walikuwa wamejaribu kujiua tena, na katika wale wa kitengo kile yapata mmoja tu kwa kila wanne. Na ni nani waliofanya tiba ile? Walikuwa wauguzi wa maradhi ya akili, wafanyi kazi wa kitengo kile, wasio na shahada yoyote ya tiba ya mazungumzo. Walifundishwa wakiwa kazini, wakasimamiwa kila juma. Ndugu wauguzi, someni mstari huo mara mbili.

Mwaka 2009 huko Toronto, wagonjwa 180 waligawanywa, nusu wakapewa tiba ya Mama Linehan kwa mwaka mzima, nusu wakapewa uangalizi wa kawaida wa daktari lakini uliopangwa vizuri, wenye siku maalum, mtu maalum na makubaliano maalum. Makundi yote mawili yalipata nafuu sawasawa. Sisi tunalisoma hivi: jina la tiba si kitu sana. Kitu ni mpango, na mtu yule yule kurudi siku ile aliyosema.

Basi katika wodi yetu, yenye vitanda vya chuma na muuguzi mmoja, hayo yana sura gani?

Kwanza kabisa ni ahadi ndogo zitimizwe. Sisi Wakenya tuna neno baya kuliko yote kwa mgonjwa huyu, nalo ni "nakuja." Twasema "nakuja" huku tukiondoka, wala haturudi mpaka kesho. Mgonjwa mwingine hucheka. Huyu, ambaye tangu utoto wake kila aliyesema atarudi hakurudi, huhesabu dakika. Ni afadhali umwambie, "Nina kazi hadi saa nne. Saa nne na robo nitakaa nawe dakika kumi," na saa nne na robo ukakae dakika kumi, uondoke zikiisha hata kama analia. Dakika kumi za yakini humtibu kuliko saa nzima ya huruma iliyoibwa.

Pili, jeraha lifungwe kwa utulivu, kwa ganzi, bila hotuba na bila kubembeleza kupita kiasi. Halafu, damu ikikauka, ndipo aulizwe, "Hebu tuanze asubuhi. Uliamka vipi? Nani alikupigia simu? Ukafanya nini? Wembe uliutoa wapi?" Mkifuata mnyororo huo pete kwa pete, mara nyingi mtakuta pete moja iliyoweza kukatwa. Kazi hiyo hufanywa kwa kuuliza, si kwa kujua. Muuguzi anayemwambia mgonjwa, "Mimi najua ulifanya hivi kwa kutaka kuangaliwa," amefunga mlango. Kwanza huenda amekosea. Na hata kama amepatia, kutaka kuangaliwa ni njaa kama njaa nyingine, na mtu wa Ukambani ajua kwamba mwenye njaa hatibiwi kwa kuchekwa.

Tatu, zamu zote ziseme neno moja. Likubaliwe na kuandikwa: akitaka kutoka usiku twajibu hivi, akitisha kujiumiza twafanya hivi, anayeahidi ni nani. Mgonjwa mwenyewe awepo yanapoandikwa, aweke sahihi yake au dole gumba. Wodi ile ya msichana wetu ilikuwa na daftari nene la makabidhiano, na ndani yake juma zima habari zake zilikuwa maneno haya: "mgonjwa bado msumbufu." Hapo sista wa mchana na wa usiku wangejuaje kwamba wanabomoana?

Na siku ya kumruhusu kwenda nyumbani itajwe mapema, mara nyingi. Wako wanaojikata siku ya kuruhusiwa, na wauguzi husema, "Mwaona? Alikuwa ameshapona, anafanya makusudi." Kwake kuruhusiwa ni kuachwa.

Hatutaki kudanganya mtu. Wako wengine wenye ugonjwa wa haiba ambao njia yao si kujiumiza bali kuumiza wengine, waongo wasiojuta, mara nyingi wanaume, mara nyingi na pombe ndani yake. Kwa hao ushahidi wa tiba ya mazungumzo ni dhaifu hadi leo, na atakayewaahidi wanachama kwamba maneno matamu yatamtuliza mtu mwenye kisu ataua muuguzi. Hapo sheria ni moja: usiingie peke yako, mlango uwe nyuma yako, na aliyepigwa aandikishe. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 ipo, lakini haimsaidii aliyepigwa akaenda zake nyumbani kwa aibu bila kutoa taarifa.

Je, hupona? Huko Boston, katika hospitali ya McLean, wagonjwa 290 wa sura ile ya msichana wetu walifuatwa miaka kumi. Karibu wote, asilimia 93, walifikia wakati wa miaka miwili au zaidi ambapo dalili zilikuwa zimetulia. Hii si habari ya ugonjwa usioponyeka. Lakini ni nusu tu waliofikia kupona kamili, yaani dalili kutulia pamoja na kuwa na kazi na watu wa kushirikiana nao. Kwa hiyo kilichobaki kigumu baada ya damu kukoma kilikuwa kazi na jamaa. Hapo si wauguzi peke yao wanaohusika. Dereva, karani, mwalimu, mpishi, wote wasomao karatasi hii, watakuwa siku moja na mwenzao kazini ambaye mikono yake ina makovu chini ya shati ya mikono mirefu. Chama kikimwona anaandikiwa barua ya kufukuzwa kwa sababu alilazwa, chama kisimame naye kama kisimamavyo na aliyekatwa kidole na mashine.

Turudi kwetu. Kutoka Ikutha hadi Mathari ni safari ya kutwa, hata kwa barabara ya lami iliyopita hapa kati ya Kibwezi na Kitui. Mama anayempeleka mwanawe huuza mbuzi au ndengu za msimu kwa nauli tu. Ng'ambo ya mto Athi, katika Makueni, wenzetu wameonyesha njia: Profesa David Ndetei, Profesa Victoria Mutiso na shirika lao la utafiti waliwafundisha wauguzi na maafisa wa kliniki wa zahanati, wahudumu wa afya wa vijijini, na hata waganga wa kienyeji na wahubiri, kutambua maradhi ya akili na kupelekeana wagonjwa badala ya kunyang'anyana. Walitumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotungwa kwa ajili ya wasio mabingwa. Twausifu, lakini mwongozo huo una mlango juu ya kujiumiza, hauna mlango juu ya ugonjwa wa haiba. Yaani waelekeza namna ya kumwokoa msichana usiku wa kwanza, si namna ya kuishi naye juma la tatu.

Sheria nayo imesogea. Jopo la mwaka 2020 lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilitaka maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022, ikaziwekea kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Na tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba. Kabla ya hapo muuguzi alikuwa akimfunga mgonjwa kidonda huku askari akingoja mlangoni. Ni nani angesema kweli namna hiyo?

Sasa neno gumu, na wanachama wengine hawatalipenda. Mwaka 2017 wauguzi wa nchi hii waligoma tangu Juni 5 hadi Novemba 2, karibu siku 150. Tuliunga mkono mgomo ule, na mwajiri ndiye mwenye lawama. Lakini mgonjwa huyu tunayemsema hakuachwa na mwajiri; machoni pake aliachwa na sista fulani aliyemwambia "Alhamisi tutaonana." Katika mgomo twaacha watu wa kuangalia wahututi na wenye kuzaa. Hatujapata kujiuliza nani anabaki kumwambia huyu kwamba Alhamisi haitakuwapo, kwa sababu gani, na lini tutarudi. Kamati ya mgomo, ukiwapo mwingine, iandike jambo hilo katika karatasi yake ya kwanza.

Madai yetu kwa kaunti, yaliyokwisha kupigwa chapa na yatapelekwa na katibu, ni haya. Saa moja kila juma, ndani ya saa za kazi na si baada yake, ambapo wauguzi wa wodi watakaa pamoja na mtu aliyefundishwa maradhi ya akili, hata kwa simu kutoka Kitui, wasemezane juu ya wagonjwa wanaowashinda. Muuguzi aliyefundishwa tiba hii asihamishwe kabla ya miaka miwili. Tumechoka kuona mtu anarudi na cheti mwezi wa tatu na mwezi wa tano yuko kwenye chanjo upande mwingine wa kaunti. Asiwepo muuguzi wa peke yake usiku. Bwana Mhasibu atauliza saa hiyo moja italipwa na nani. Tutamjibu kwamba glavu hulipwa na nani? Hakuna amwambiaye muuguzi anunue glavu zake, wala hakuna asemaye glavu ni starehe. Saa hiyo ni glavu ya mgonjwa wa namna hii.

Lakini hatungoji jibu la barua. Tawi la Ikutha litaanza lenyewe, kila Jumatano saa tisa alasiri, baada ya makabidhiano ya zamu. Wauguzi, maafisa wa kliniki, wafagizi na walinzi wote wakaribishwa, maana mara nyingi mlinzi wa mlangoni ndiye humjua mgonjwa huyu kwa jina. Majina ya wagonjwa hayatatoka nje ya chumba. Mwenzetu aliyeshika taa usiku ule amekubali kusema wa kwanza. Chai ni ya chama. Kila mtu aje na kikombe chake.